Marcella Mong'ina na Mtu Aliyekwisha Kuzikwa

Shangazi yangu Marcella Mong'ina aliuza ndizi mjini Homa Bay, kwenye baraza la duka lililotazama barabara itokayo gerezani. Hakuchagua mahali pale kwa huruma. Alipachagua kwa sababu palikuwa na kivuli asubuhi, na mwenye duka hakupenda kufukuza watu. Huruma, kama hilo ndilo neno lake, ilikuja baadaye, na yeye mwenyewe hakuifurahia sana kwa kuwa ilimharibia biashara.

Waliofunguliwa walitoka asubuhi wakiwa wamevaa nguo walizoingia nazo, ambazo kwa kawaida zilikuwa zimewashinda kwa ukubwa. Walitembea vizuri mpaka barabarani. Hapo walisimama. Upande mmoja ulielekea mjini na ziwani, mwingine Rangwe na Asumbi, na hakukuwa na askari wa kuwaambia ni upi. Wengine walisimama mpaka jua likawa kali.

"Wewe," Marcella alikuwa akiita. "Kuja ule ndizi."

Mtu akishakula, alimwuliza swali moja. Padri alipowatembelea wafungwa aliwauliza nani nyumbani atafurahi kuwaona. Marcella aliuliza, "Nani atakasirika?"

"Anayefurahi hana shida," alinieleza nilipoulizia sababu. "Anaweza kungoja. Anayekasirika ndiye ameshika mlango."

Akishapata jina alimtangulia mtu huyo kwao, na shughuli yake yote ilikuwa na yule mwenye hasira. Kwa mmoja wa Rangwe alikuwa mama mkwe. Marcella alikaa na mama huyo kutwa akimsaidia kupukuchua mahindi, bila kumtaja mkwewe hata mara moja, na jioni mama mwenyewe akauliza, "Huyo mjinga amekonda?" Basi kazi ikawa imekwisha.

Serikali haikumtuma, wala kanisa. Watu wa mjini walimwita *nyar Kisii*, binti wa Kisii, na waliotaka kumchokoza waliongeza "wa wafungwa". Kijaluo chake kilikuwa cha sokoni. Wafungwa nao Kiswahili chao walikipata zaidi gerezani, kwa hiyo kilikuwa na amri nyingi. Walielewana.

Alianza kwa sababu ya mumewe. Simeon Onsongo alifungwa kwa kupigana sokoni, wakati mimi nikiwa bado mdogo. Siku aliyorudi, Marcella alifurahi sana akaingia jikoni kumpikia kuku. Sebuleni Simeon alikuta kila kiti kina mtu: baba yake, wajomba, na majirani waliokuja kuona mfungwa anafanana vipi. Hakuna aliyemwambia akae wapi. Aliegemea nguzo kwa muda, kisha akatoka kama mtu anayekwenda haja. Chakula kilipoiva hakuonekana. Baadaye ilisemekana yuko Kericho anachuma chai, na ameoa.

"Kuku alikuwa mkubwa," Marcella alisema kila alipofika hapo, na hadithi iliishia hapo.

Mwaka wa 1965, mwezi wa Agosti, nilikuwa likizo kutoka chuoni Makerere. Nilikuwa nikimpangia ndizi, kwa kuwa kuongea na wateja kulinishinda. Asubuhi moja alitoka mtu mrefu aitwaye Dishon, wa vilima vya Gwassi, juu ya Sindo. Miaka saba kabla ya hapo alikamatwa Muhuru Bay akiwa na ng'ombe ambao hawakuwa wake. Alipoulizwa na polisi alisema walimfuata. Hakimu alitaka kujua kwa nini walimfuata wakiwa wamefungwa kamba. Sehemu kubwa ya kifungo chake aliimaliza mbali, akivunja mawe, kisha akarudishwa Homa Bay kufunguliwa.

"Nani atakasirika?" Marcella aliuliza.

Dishon alitafuna huku akifikiri. "Hakuna. Wazazi wangu walishakufa. Mke wangu ni mpole."

"Mpole miaka yote saba?"

"Nilipomwacha alikuwa mpole."

Tulipanda lori la wanunuzi wa samaki mpaka Sindo. Ilikuwa Ijumaa. Marcella alimwacha Dishon ufukweni, karibu na wanawake walioanika omena, dagaa wa ziwani, akamwambia asiende popote. Hilo Dishon alilijua vizuri. Mimi na shangazi tukapanda kilima na mkungu wa ndizi, tukiuliza njia kwa Phelesia, mke wa Dishon.

"Mjane wa Dishon?" alituuliza mwanamke tuliyekutana naye. "Ni boma lile lenye ua wa miti ya mtupa."

Marcella alinitazama. Akaongeza mwendo.

Phelesia alitupokea vizuri. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyozoea kusikika mbali. Alipokuwa akitutafutia maji, watoto wawili walikuwa wakicheza juu ya rundo la mawe upande wa kulia wa nyumba, mkubwa wa miaka kama minne, mdogo akijifunza kusimama.

"Shukeni hapo juu ya baba yenu!" Phelesia aliwafokea.

Watoto wakashuka.

Habari yenyewe tuliipata kabla maji hayajaisha kikombeni. Mfungwa mmoja wa kijiji cha jirani alifunguliwa mapema, akaja na taarifa kwamba Dishon amekufa kwa homa huko alikohamishiwa, na kwamba yeye mwenyewe aliona akibebwa. Ukoo ulingoja mwili, haukuja. Basi wakafanya kama wafanyavyo Wajaluo mtu anapopotelea ziwani au ughaibuni. Walikata tunda la *yago*, mti ambao Waswahili huuita mvungunya, tunda refu na zito kama paja la mtu, wakalifunga blanketi, wakalizika kwa heshima zote. Phelesia akanyolewa. Muda ulipopita, binamu wa marehemu aitwaye Cephas alimrithi kama desturi itakavyo, na watoto waliozaliwa waliitwa wa Dishon, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa wake. Kwa njia hiyo Dishon alikuwa amepata watoto wawili tangu afe.

Marcella alishukuru kwa maji, akaacha ndizi, tukashuka.

Dishon alikuwa pale pale tulipomwacha.

"Nyumbani wazima?" akauliza.

"Wazima."

"Phelesia?"

"Mzima."

"Mzee Zadock?"

"Nimesikia ni mzima."

Dishon alitazama uso wake. "Basi nani amekufa, mama?"

"Wewe."

Aligeuka akaitazama omena kwa muda. "Nilikufa na nini?"

"Homa."

"Ah. Huyo ni Dishon mwingine, wa Karachuonyo. Tulilala naye sakafu moja. Alikuwa mtu mzuri." Akafikiri tena. "Walinililia?"

"Sana. Walichinja ng'ombe."

"Yupi?"

"Sikuuliza."

"Kama ni yule mwekundu, walikosea," Dishon alisema.

Marcella alimweleza na mengine, mpaka Cephas na watoto. Hilo Dishon alilisikiliza akiwa ameshika kichwa. Kisha akasema atarudi Homa Bay. Marcella akamwuliza akafanye nini huko. Dishon alisema hajui, lakini Homa Bay hajazikwa. Ilimchukua shangazi muda mrefu, na omena kidogo ya kukaanga, kumfikisha mguu wa kilima.

Tulifika kwenye ua jua likikaribia kuzama. Mwanamke wa kwanza kumwona Dishon alipiga yowe, na watu wakaja mbio, kisha wakasimama mbali. Mzee Zadock, mkuu wa ukoo na mzee wa kanisa la Sabato, alikuja akifunga vifungo vya koti.

"Simama hapo!" alimwambia Dishon. "Usiguse lango!"

"Sijaligusa, jaduong'," Dishon alimjibu mzee kwa heshima.

"Aliyezikwa haingii kwa lango la walio hai."

"Basi aingie wapi?" Marcella aliuliza.

"Hilo ndilo tunalolitafuta, nyar Kisii. Usituharakishe."

Walilitafuta kwa sauti za juu. Mmoja alisema kondoo achinjwe langoni. Mwingine akasema kondoo ni wa aliyepigwa na radi. Wa tatu alijua kisa cha mtu wa aina hiyo upande wa Karungu, lakini alipobanwa akakiri kwamba mtu huyo hakuwahi kurudi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kuona jambo kama lile.

Cephas alifika mwisho, mtu mnene mwenye kofia mpya. Alimwangalia Dishon kutoka nyuma ya bega la Zadock.

"Huyu si Dishon," akasema. "Dishon alikuwa na mwili."

"Cephas, nenda ukavunje mawe miaka saba, uone utakavyonenepa."

"Kama wewe ni Dishon, mimi nimekuwa nani katika nyumba hii?"

"Omera, ndugu yangu, sijui. Mimi ndiyo nafika."

Watu wakacheka, Cephas akavua kofia, akaivaa tena. Alisema anachokiona pale ni kivuli cha marehemu kilichofuata ndizi za Wakisii, na kwamba kivuli kikiingizwa nyumbani, watoto watakufa. Hapo kicheko kikaisha. Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe karibu.

Zadock alitoa uamuzi. Mwenye kulia kaburini ni mjane, kwa hiyo mjane ndiye atakayesema. Phelesia akisema ni mumewe, Dishon ataondoa mwenyewe kilichozikwa kwa jina lake, na ukoo utampokea. Akisema hamjui, atashuka kilima na asirudi tena Gwassi.

Wote wakamgeukia Phelesia. Phelesia alifungua mdomo.

"Bado!" Zadock aliinua mkono. Jua lilikuwa limezama. "Sabato imeingia. Hakuna kuamua, hakuna kuchimba. Jumapili."

"Na yeye?" Marcella aliuliza.

"Hapo alipo."

Sabato ile Dishon hakuwa hai wala maiti. Alikaa nje ya ua juu ya gunia la shangazi. Waumini walipokwenda kanisani wakiwa na nguo nyeupe walimsalimia kwa uangalifu, maana haikujulikana mtu wa namna hiyo husalimiwaje. Wengine walimpungia mkono tu.

Marcella alikwenda jikoni kwa Phelesia. Nilikaa mlangoni. Phelesia alikuwa akipakua chakula kilichopikwa Ijumaa, na alisema bila kugeuka:

"Kama umekuja kumwombea, rudi."

"Sikuja kumwombea. Nimekuja kuuliza unamkasirikia nini."

Phelesia aliacha kupakua. "Nani amesema nimekasirika?"

"Umepakua sahani moja mara tatu."

Alikaa chini. Alisema kwanza kwamba hakasiriki. Kisha akasema kwamba alilia mpaka sauti ikaisha, na ilirudi ikiwa nyingine, hii tunayoisikia. Akasema alinyolewa kichwa, na jua la mwezi ule lilikuwa kali. Akasema Cephas anakuja akitaka kula tu, na hata akija hujui kama amekuja.

"Na hawa watoto," akasema, "wakikosa adabu nawaambia baba yenu yuko pale chini anawaona. Wanaogopa. Sasa nitawatisha na nani?"

"Hayo mimi siwezi kujibu," Marcella alisema. "Wala yale mawe. Mwenye kujibu yuko nje, na leo hana kazi."

Phelesia akainuka, akafunga leso kiunoni. Alikwenda mpaka kwenye ua, akasimama upande wa ndani. Dishon akasimama upande wa nje. Mtupa ulikuwa mrefu kiasi cha mabega.

"Miaka saba," Phelesia alisema. "Hata neno."

"Sijui kuandika."

"Huko hakuna wanaojua?"

"Wapo. Walitaka sigara, na mimi sivuti."

"Ungeanza!"

Dishon hakuwa amelifikiria hilo. Ilionekana usoni.

"Nilikulilia mbele ya watu," Phelesia alisema. "Niligaragara. Nguo yangu nzuri ilichanika. Nililia nini?"

"Dishon wa Karachuonyo."

"Simjui!"

"Alikuwa mtu mzuri."

"Mimi silii tena. Ukifa mara nyingine, utakwenda kimya."

"Sawa."

"Na ng'ombe. Ukimwona ng'ombe wa mtu tena?"

"Nitageuza uso."

Phelesia akarudi jikoni. Shangazi alimwuliza kama anamjua. "Ngoja Jumapili," Phelesia alijibu, akampa ile sahani. "Mpelekee. Usimwambie nimempa mimi."

Jumapili shangazi alikosa misa, jambo lililomtia uchungu kuliko yote, na alinieleza mara kadhaa kwamba Sabato ya watu wengine imemlia Jumapili yake. Watu walijaa tangu asubuhi. Zadock alimwita Phelesia mbele.

"Huyu ni nani?"

"Achimbe kwanza."

"Sema kwanza, ndipo achimbe."

"Jaduong', nikisema namjua kabla hajatoa aliyelala mle, nitakuwa mke wa wawili. Na Cephas wa tatu."

Wanawake walicheka mpaka Zadock akagonga fimbo. Wazee walinong'ona, wakaona ana haki. Walikata nafasi katika ua, upande wa kaburi, nyembamba kama mlango wa kuku, Dishon akapenya humo kwa ubavu. Akapewa jembe na sepetu.

Alichimba vizuri. Miaka ya mawe haikuwa imepotea bure. Watu walisogea wakamshauri apanue huku, anyooshe kule, na mmoja akamsifu kwamba ni nadra kuona kaburi lililochimbwa kwa moyo namna ile. Cephas peke yake alisimama mbali. Dishon alipofika kina cha kifua, sepetu ilikamata kitu laini. Alitoa kipande cha blanketi kilichooza. Akatafuta chini yake. Akatafuta tena.

"Hakuna kitu," akasema.

"Yago?" Zadock aliuliza.

"Hakuna, jaduong'."

Zadock alikuwa amepanga tunda lile likatupwe ziwani. Alitazama shimo, akatazama ziwa.

"Si niliwaambia?" Cephas alipaza sauti. "Tulizika yago, yago halipo, na mtu huyu yupo! Limeinuka! Mlidhani ametoka wapi?"

Umati ukarudi nyuma, wote pamoja. Mtu aliokota jiwe kutoka kwenye rundo la kaburi. Dishon alibaki ndani ya shimo na kipande cha blanketi mkononi. Marcella alifungua mdomo, na hiyo ilikuwa mara ya pekee nilipomwona akitaka kumwombea mtu, lakini alichelewa. Phelesia alikuwa ameshapita katikati ya watu mpaka ukingoni.

"Ni tunda," akasema. "Miaka mitano ardhini. Tunda huoza. Hata wewe, Cephas, ungekuwa umeoza."

"Mimi—"

"Nilichemsha maboga mangapi mbele yako? Uliona boga gani likiinuka?"

Alinyoosha mkono, akachukua kile kipande cha blanketi, akakikung'uta, akampa Zadock. "Hili lilikuwa la kitandani kwangu. Tupeni hili. Na wewe uliye ndani, toka, ufukie. Unataka shimo liachwe wazi liite mtu mwingine?"

Hilo kila mtu alilijua: kaburi haliachwi tupu. Jiwe likarudi chini. Dishon akafukia haraka, lakini udongo haukutosha, kwa kuwa mvua za miaka mitano zilikuwa zimechukua mwingine. Phelesia akamsukumia karai, akamwelekeza kichuguu kilichokuwa nje ya boma, ng'ambo ya njia. Dishon akaenda na kurudi, akaenda na kurudi. Wazee waliketi kujadili kama blanketi laweza kusimama mahali pa tunda, na kama ni lazima litupwe na mtu asiye na ndugu aliyekufa maji. Shauri lilikuwa gumu, kwa kuwa huko ziwani hakuna mtu wa namna hiyo.

Shimo lilipokaribia kujaa, Zadock aliinua kichwa.

"Wewe! Umepita wapi na hilo karai?"

Dishon alisimama. "Langoni, jaduong'. Pale kwenye ua haliingii."

"Mara hii tu?"

"Tangu mwanzo."

Wazee walitazama lango, ambalo lilikuwa limesimama kama kawaida. Waliwatazama watoto, ambao walikuwa wakila ndizi.

"Unajisikiaje?" Zadock aliuliza.

"Mgongo unauma."

Zadock aliwaza sana. Kisha akamgeukia Phelesia. "Binti yangu, amechimba. Sasa useme."

Phelesia alinyoosha kidole kwenye njia kati ya lango na kaburi. Ilikuwa na mstari wa udongo uliomwagika, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Tazameni anavyobeba. Akileta maji hivyo hivyo, akileta mtama hivyo hivyo. Serikali imekaa naye miaka saba, haikuweza kumfundisha. Ni yeye."

Zadock akasema basi amekwisha kuingia, na kilichobaki ni kuziba ile nafasi ya ua kabla mbuzi hawajaiona. Cephas aliuliza kuhusu watoto. Akaambiwa watoto ni wa mwenye ng'ombe wa mahari, kama walivyokuwa jana. Akasema sawa, akaomba tu atolewe kiti chake ndani. Phelesia alikileta mwenyewe, ameshakipangusa.

Marcella alishika kapu lake. Lori la mwisho huondoka Sindo alasiri, na ndizi za Homa Bay zilikuwa zikiiva bila mwenyewe. Lakini hakuondoka. Alisimama karibu na lango, akimtazama Dishon aliyekuwa ameweka karai chini na hajui akae wapi.

Watoto walimsogelea. Dishon alichuchumaa, akawatazama kwa zamu, watoto aliowapata akiwa gerezani.

"Wewe unaitwa nani?" akamwuliza mkubwa.

"Dishon."

"Hapana, Dishon ni mimi."

"Ni mimi," mtoto alisema, na sauti yake ikaanza kupanda.

Dishon aliinua macho kwa Phelesia. Phelesia alikuwa ameinama mlangoni, akiondoa mkeka uliokuwa umeziba njia.

"Mtagawana," alisema. "Ingieni wote, chakula kinapoa."